Habari Niliyoipeleka Kizimkazi kwa Miguu

Nyinyi wa barazani kwetu Mkunazini mmeniuliza, nami nimekuwa nikijibu kwa kukohoa. Sasa kila mmoja ana hadithi yake: kwamba nilianguka Jozani nikabebwa kwa machela, kwamba nilipanda gari Kiembe Samaki nikashuka karibu na kijiji kujifanya mkimbiaji, kwamba aliyekimbia ni mke wangu na mimi nilimfuata nyuma kumuomba radhi. Basi nimekaa hapa, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi, niwaandikie yalivyokuwa. Mambo ya kuomba ruhusa kazini sitayaeleza, hayana ladha.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mtu akinialika Bububu humuuliza kama kuna haja. Lakini daktari alinipima, akanitazama kama fundi anayetazama nyumba iliyoinama, akaniambia nitembee, na nikiweza nikimbie. Ndipo mkaanza kuniona Mnazi Mmoja baada ya sala ya alfajiri, mzee mwenye kitambi ndani ya raba nyeupe, suruali nimeikunja chini ya magoti kwa sababu Salma, mke wangu, alikataa katakata nitoke na kaptura.

"Baba Zuhura, miguu hiyo nimeiona mimi kwa ndoa," alisema. "Mji nao umekuoa?"

Nilianza kwa kukimbia kutoka mti hadi mti na kutembea mitatu. Baada ya miezi nikawa nakimbia mitatu na kutembea mmoja. Jumapili nikaenda mpaka Kizimbani, katikati ya mikarafuu, na kurudi. Nilijifunza kwamba mtu wa umri wangu hakimbii kwa miguu, anakimbia kwa pumzi: ukishindwa kusema sentensi nzima, umezidisha mwendo. Kwa hiyo nikawa nasema peke yangu njiani, na nyinyi mkaeneza kwamba nimepandwa na shetani.

Sababu ya safari ni dada yangu, Da Mize, aliyeolewa Kizimkazi na sasa ni mjane. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Hemedi kitinda mimba wetu. Hemedi alitoka nyumbani jioni moja, katika siku zile za mwaka sitini na nne, kwenda kununua mafuta ya taa. Hakurudi. Wengine walisema kavuka kwenda Mombasa, wengine walitazama chini. Habari haikuja, ya uhai wala ya mauti. Tangu hapo Da Mize haulizi habari za Hemedi, anauliza zangu. Kila gari la shamba likifika Darajani kutoka kwao, utingo ananitafuta na swali moja: "Bi Mize anauliza, yu hai?" Mwaka jana mtu mmoja asiye na akili alimkurupusha na habari ya kifo cha binamu yetu. Akaanguka, mdomo ukaenda upande, na hospitali wakasema asishtuliwe tena na habari ya namna ile, hatainuka.

Nikaamua anione kwa macho yake. Si mzima tu, bali nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe, nikikimbia.

"Na ukifa njiani?" Salma aliniuliza.

"Utaletewa habari."

"Na nani? Mkimbiaji ni wewe peke yako."

Mjini mpaka Tunguu

Niliondoka jua halijatoka, tende mfukoni, magoti nimeyapaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, nanuka kama pilau. Mpaka Kiembe Samaki mambo yalikuwa ya kawaida, yaani nilichekwa. Muuza madafu aliniita: "Mzee, aliyekuibia kapita upande ule." Mwengine akataka kujua kama nyumba inaungua au mke kajifungua. Niliwajibu wote, maana kujibu ndiyo kipimo cha pumzi, na pumzi zilikuwepo.

Nyumba zilipoanza kuachana, kicheko kikakatika. Sikukitambua mara moja. Mtu hajui sauti imenyamaza mpaka apite kitambo bila ya kuisikia.

Tunguu, chini ya paa la makuti pembeni mwa barabara, wanaume walikuwa wanacheza bao na redio inaimba. Nikapunguza mwendo, nikatoa salamu: "Asalaam alaykum." Mkono uliokuwa unataka kutia kete ukabaki hewani. Mtu mmoja akanyoosha mkono akazima redio. Hakuna aliyeitikia.

Nyinyi ni Waislamu, mnajua uzito wa salamu isiyoitikiwa. Nikairudia kwa sauti zaidi, nikidhani ni viziwi. Wakasimama, wote kwa pamoja, na kuinamisha macho. Mmoja wao akaleta kata ya maji, akaiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua chache kama anayemlisha mnyama asiyemjua. Nikanywa. Maji yalikuwa baridi na matamu. Nikasema ahsante, na hiyo pia ikaanguka chini.

Nikaondoka zangu nikijisemea kwamba watu wa shamba wana maringo.

Tunguu mpaka Kitogani

Jua likapanda. Kila penye nyumba mbili tatu mambo yalikuwa yale yale. Mwanamke anayetwanga anauacha mchi ndani ya kinu. Mwanamme aliyejinyoosha kivulini anainuka. Kisha kimya, na macho chini, mpaka nipite. Nilijaribu kutembea badala ya kukimbia, nikidhani ni suruali yangu iliyokunjwa inayowatia haya. Haikusaidia kitu. Habari zangu zilikuwa zimeshatangulia, sijui kwa njia gani.

Karibu na Jozani niligeuka kutazama nimetoka wapi, nikawaona watu wawili wenye kanzu wakinifuata. Nikasimama. Wakasimama. Nikaenda. Wakaja.

Sasa nyinyi mniambie. Mtu wa mjini, katika miaka hii, akifuatwa na watu wawili wasiosema, anafikiri nini? Nilianza kuhesabu kila nililolisema barazani tangu mwezi wa Ramadhani, na nani alikuwa amekaa wapi. Niliwakumbuka nyote kwa majina, tena si kwa wema.

Msituni hewa ikabadilika. Barabara ilikuwa mbichi, miti imekutana juu, na mchana ukawa rangi ya chupa. Kima wekundu walikuwa juu ya matawi, kundi zima, nao wamekaa kimya wakinitazama. Nilisikia raba zangu, paf, paf, na nyuma yake makubadhi, mengi kuliko ya watu wawili. Sikugeuka. Nilisahau kila nililojifunza juu ya pumzi, nikakimbia kama mtu aliyeiba kuku. Ukiona mzee anakimbia hivyo ujue hafanyi mazoezi tena.

Mwisho wa msitu, mwanga uliponipiga usoni, nikageuka. Walikuwa watano au sita, wamejipanga ukingoni mwa kivuli. Hawakuvuka. Mkubwa wao akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, kisha wote wakarudi walikotoka.

Kitogani

Nilipangiwa kulala kwa Bwana Haji, shemeji wa mbali wa Salma ambaye sijapata kumuona. Niliingia uani kwake nikihema, nikataka kujitambulisha. Akainua kiganja.

"Usiseme kitu," alisema. "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Bi Mize, Kizimkazi."

"Bi Mize mjane? Mwenye ndugu mjini?"

"Huyo huyo."

Akafumba macho. Ndani nikasikia mkewe akiweka chungu chini, taratibu, kama kilichojaa mayai. "Basi usiseme zaidi," alisema Bwana Haji. "Kula."

Nikaletewa muhogo wa nazi na papa mkavu, sahani kubwa. Nilikula peke yangu. Wenyeji walikaa uani wamenipa mgongo, na majirani wakaja wakakaa nao, wote wamenipa mgongo, hakuna hata aliyepiga chafya. Msinicheke nikisema nilivimba kichwa. Nilidhani ni heshima ya mwanamichezo. Nikafikiri, mjini nimekimbia miezi na hakuna aliyeniheshimu, kumbe hapo Kitogani wanajua kazi yake.

Alfajiri nikiwa kwenye mswala nilisikia baiskeli ikitolewa uani na mtu akisema kwa kunong'ona, "Mwambie Mosi awahi." Nikadhani anawahi samaki.

Nilipokuwa nafunga raba, mke wa Bwana Haji akanipa kitambaa cheupe cha bafta, kipya, kimekunjwa vizuri. "Peleka," alisema, akiwa ameangalia pembeni.

Foleni za vitambaa mnazijua. Mtu kukupa bafta mpya katika mwaka kama huu si jambo dogo. Nilishikwa na shukurani. Nikakikunjua, nikakitia shingoni kama taulo, na papo hapo nikajifutia jasho la uso nipate kumuonesha kwamba nimekithamini. Bibi yule akaziba mdomo kwa kanga, akaingia ndani mbio.

Kitogani mpaka Muyuni

Magoti yalikuwa yamekaza, kwa hiyo nilianza kwa kutembea, kisha nikakokota mbio za kobe. Ile bafta shingoni ilizidisha mambo. Jana walikuwa wanasimama, leo wanawake walijifunika kichwa gubigubi na kugeuka ukutani. Dirisha moja lilifungwa nilipokaribia, na nilipopita nikasikia ndani mtu anasoma Yasini. Kila nilikopita nilikiacha kimya nyuma yangu.

Muyuni kulikuwa na mwanamke anakaanga bajia kando ya njia. Bi Tatu, kama nilivyokuja kumjua, ni mzaliwa wa Ng'ambo, ameolewa huku, na hajapata mtu wa kuzungumza naye sawasawa tangu arusi yake. Alinitazama, akatazama shingo yangu, akageuza bajia zake.

"Mzee," alisema, "hiyo sanda ya watu mbona waifutia jasho?"

Nilishtuka hata nikakaa kwenye jiwe. Kwanza kwa neno sanda. Pili kwa kuwa mtu amenisemesha.

"Sanda ya nani?"

"Ya maiti wako. Huyo nduguye Bi Mize, kafa na nini? Moyo? Mosi kapita na baiskeli, kapata pancha hapa, kaiziba na katoka sasa hivi. Kanambia mjumbe yuko nyuma anakwenda kwa Bi Mize, na Bi Mize hana mtu mjini ila nduguye mmoja, karani."

"Bibi, mimi sipeleki msiba. Mimi nafanya mazoezi."

Akaniangalia kwa huruma. Ndipo akanieleza, na mikono yake haikuacha kukaanga. Huku mtu mzima hakimbii barabarani. Akikimbia, kabeba mauti. Hasalimiwi wala haulizwi, maana habari ni ya wafiwa, wao ndio wa mwanzo kuisikia. Anapewa maji, anapewa chakula, mwenye bafta humpa bafta apeleke. Msituni haachwi peke yake, husindikizwa. Na nyumba anayoiendea hutangulizwa mtu wa kuwatayarisha majirani na kutandika jamvi, mfiwa asiipokee habari akiwa peke yake.

"Salamu zako waliitikia moyoni," alisema. "Usiwaone wabaya."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Akwambie nani, na wewe husemeshwi?"

"Na wewe mbona wanisemesha?"

"Mimi mtu wa Ng'ambo. Tena nataka kujua. Haya, karani kafaje?"

"Karani ni mimi," nilisema. "Abdalla, nduguye Bi Mize, ni mimi."

Mafuta yalichemka peke yake. Bi Tatu alinitazama uso, kisha macho yake yakateremka taratibu mpaka kwenye miguu yangu, yakabaki hapo.

"Vua viatu," alisema.

Nikavua, na soksi pia. Akainama, akavitazama vidole kimoja kimoja, na ule ukucha ulioanza kuwa mweusi, na kisigino.

"Si kwato," alisema. "Vya mtu. Tena vibaya." Kisha uso wake ukabadilika, akaacha mwiko. "Basi mwahi Mosi. Bi Mize yule akiambiwa umekufa, hatafika adhuhuri."

Muyuni mpaka Kizimkazi

Nilimwachia bafta airejeshe Kitogani, nikasimama katikati ya njia nisijue la kufanya. Nikitembea, Mosi atafika kitambo kabla yangu. Nikikimbia, kila anayeniona atathibitisha kwamba nimekufa.

Nikakimbia. Nilianza polepole, pumzi mbili ndani, pumzi mbili nje, mabega nimeyalegeza, kama nilivyojifunza kwenye njia ya Kizimbani. Kwenye mchanga niliuona mstari wa tairi, mpya, umenyooka mbele yangu. Watu walikuwa wanatoka majumbani kabla sijafika. Nikawa nawaambia nikipita, "Hakuna msiba, jamaa, hakuna msiba," nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama mtu anayemuona mjumbe aliyeharibikiwa na akili kwa uzito wa mzigo. Nyuma yangu makubadhi yakaanza tena. Safari hii nilijua ni watu wema wananisindikiza, na niliwaogopa zaidi kuliko jana. Walikuwa wanamsindikiza Abdalla aliyekufa, na mimi nilikuwa mbele yao kwa hatua chache tu.

Penye kilima kidogo cha mawe nikamuona Mosi, anaisukuma baiskeli. Nikamwita kwa jina. Akageuka, akaona mjumbe anakuja mbio mpya, mkono juu, na watu wenye kanzu nyuma yake. Kama ningekuwa yeye nami ningefikiri habari ni nzito kuliko nilivyodhani. Akarukia baiskeli, akainamia mpini, akaenda kwa nguvu zake zote. Vumbi lake lilikaa hewani kitambo, na mimi nikapita katikati yake.

Sehemu iliyobaki siikumbuki vizuri. Nakumbuka nilijaribu kusema sentensi moja nzima ili nijipime, nikashindwa, na sikupunguza mwendo.

Kizimkazi

Jamvi lilikuwa limeshatandikwa nje ya nyumba yake. Wanaume wamekaa, tasbihi mikononi, Mosi miongoni mwao bado anatweta. Ndani hakukuwa na kilio. Nilijua habari ingeambatana na kilio, na kimya huja kabla yake au baada ya mwenye kulia kwisha.

Kumbe Mosi hakusema jina. Jina si lake kulisema. Alisema tu kwamba mjumbe kutoka mjini anakuja kwa Bi Mize, akatandika. Wote walikuwa wanangoja nifike nifungue mdomo, na Da Mize akingoja miongoni mwa wanawake, mgongo ukutani.

Wanawake wakanipisha. Da Mize aliinua uso. Mdomo wake ulikuwa bado umekwenda upande kidogo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyekwisha kumzika na sasa kaja kuomba chai. Akanyoosha mkono, akaniweka kiganja shavuni, kisha kifuani, pale moyo ulipokuwa unabisha hodi kutoka ndani.

"Abdalla."

Sikuweza kujibu. Pumzi hazikuwepo.

"Umekuja wewe," alisema. "Hukutuma mtu. Umekimbia mwenyewe kutoka mjini."

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Basi ni Hemedi."

Nje tasbihi zikasimama. Nilikuwa na maneno tayari: hapana, Dada, ni mazoezi tu, daktari kasema. Mkono wake ulikuwa juu ya kifua changu, nami niliutazama mdomo wake uliopinda, nikingoja uanguke zaidi. Haukuanguka. Uso wake ulilegea taratibu, paji, kisha mashavu, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na mtu aliye nyuma yake asiyemuona. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuona uso ule.

Pumzi zikarudi. Nikaziacha zipite bila neno.

Akalia. Wanawake wakamfuata, na kilio kikatoka nje kwa wanaume, na kutoka hapo sijui kilifika wapi. Baada ya alasiri tukamsalia sala ya ghaibu. Miaka yote hiyo jina la Hemedi tulikuwa tukilitaja chumbani, dirisha limefungwa. Siku ile kijiji kizima kililitaja kwa sauti, waziwazi, na hakuna aliyeuliza kafa wapi, wala vipi, kwa sababu mjumbe haulizwi. Nilisimama safu ya mbele, nikamsalia ndugu yangu ambaye huenda saa ile alikuwa Mombasa anakoroga chai. Sikujua. Sijui hata leo. Upande wangu wa kulia palibaki nafasi ya mtu mmoja, nanyi mnajua watu huziba nafasi katika safu. Ile hawakuiziba. Nilipotoa salamu upande ule, niliitoa kwa nafasi tupu.

Nilikaa siku tatu za tanga. Da Mize alikula, akalala mchana, akanikaripia kwa kukonda. Haya ni yenu, jamaa zangu. Mtu asiende nayo Kizimkazi.

Jioni ya mwisho, baada ya magharibi, nilikuwa uani natawadha, jirani mmoja wa Da Mize anachota maji, tukasikia ndani chuma kikibururwa juu ya mbao, kisha kugonga. Jirani aliweka ndoo chini.

"Komeo," alisema. "Tangu siku zile hajalitia. Mlango ukirudishwa tu, usiku na mchana. Akisema Hemedi hana ufunguo." Aliutazama mlango kidogo, akachukua ndoo yake, akaenda zake bila kuaga.

Nami nilikuwa bado nje, miguu imeloa. Ikanibidi nibishe hodi.

Kisha sauti ya Da Mize, karibu sana na mbao: "Nani?"

"Mimi."

Hakufungua. Nilimsikia akipumua upande wa pili, na nikafahamu kwamba jibu lile halikutosha, kwamba yeyote angeweza kulitoa. Nikalitaja jina langu lote, na la baba yetu. Ndipo komeo likavutwa.